Mama, Mtoto na Shemeji Ndani ya Kufuli

Hasira ya Futi haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia mdomoni mwa kaka yake, asubuhi, mbele ya mafundi wote wa karakana, aliposema bila hata kumtazama usoni: "Kitu usichoweza kukifungua, usiseme ni chako."

Mafundi wakajifanya wanatafuta bisibisi.

Karakana ilikuwa ya madirisha ya alumini. Baba yao aliianzisha, kisha magoti yakaikataa ngazi, akabaki nyumbani na kaka akashika usukani. Futi, aliyeitwa hivyo kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, alikaa kwenye meza ya kona, na kila dirisha lilianzia kwake. Unaingiza upana na urefu wa tundu la ukutani, unabonyeza kitufe, jedwali linakutolea vipimo: alumini ikatwe hivi, kioo kikatwe vile. Kazi hiyo ilifanywa na makro, yaani maagizo yaliyojificha nyuma ya jedwali, ambayo Futi aliyaandika mwenyewe mstari kwa mstari, akijifunza kwa video za simu, akikosea, akifuta, akianza tena.

Kisha akayafungia kwa neno la siri. Sababu alikuwa nayo. Mzee Almasi, fundi wa vioo, hakupenda kioo kinachobana, na kila Futi alipotoka, mzee aliingia kwenye makro akapunguza kipimo. "Kidogo tu, mwanangu, kioo nacho kipumue." Vioo vikapumua mpaka vikawa vinacheza ngoma upepo ukivuma, na lawama zikamwangukia Futi. Siku ile akatunga neno la siri huku damu ikimchemka, na neno lililotungwa kwa hasira likaondoka na hasira yake. Hakuona kama limempotea, maana jedwali liliendelea kufanya kazi bila mtu kuhitaji kuingia ndani.

Mpaka ilipoletwa alumini mpya, nene kuliko ya zamani. Kioo cha kwanza kilichokatwa kwa vipimo vya Futi kiligoma kuingia kwenye fremu. Cha pili Almasi alikilazimisha, kikampasukia mkononi. Kilichotakiwa ni kubadili namba chache tu ndani ya makro. Futi akaenda kufungua, kufuli likauliza neno la siri, naye akabaki amelitazama kama mtu anayeulizwa jina lake akakuta hana.

Alijaribu jina la paka wa karakana. Alijaribu namba ya simu ya baba. Alijaribu kila jina alilowahi kumwita Almasi kimoyomoyo.

"Weka tusi kubwa zaidi," Almasi alimshauri, kidole kimezungushiwa kitambaa. "Usinionee huruma."

"Yamekwisha, mzee."

Hapo ndipo kaka alipoingia na habari yake. Wakala anayewauzia alumini alikuwa na programu ya vipimo. Angekuja mchana huohuo kuiweka, na tangu hapo vipimo vingepangwa ofisini kwake.

"Na mimi?" Futi aliuliza.

"Utapokea simu. Utakaribisha wateja. Hutakosa la kufanya."

"Ile kazi nimeitunga mimi, kaka."

Ndipo aliposema lile neno la kitu usichoweza kukifungua.

Futi alinakili faili kwenye flashi, akachukua mkoba wake, akatoka. Njiani majibu yakamjia kwa wingi, kama yanavyokuja siku zote ukishaondoka.

Fundi kompyuta alikuwa na kibanda nyuma ya duka la vitabu, kimejaa kibodi zisizo na meno. Alichomeka flashi, akaangalia, akamgeukia.

"Bosi wako anajua umeleta hii?"

"Hii yangu."

"Kila anayekuja hapa na kitu kilichofungwa husema hivyo, dada. Simu yangu, laptopu yangu. Kesho mwenyewe anakuja na polisi."

Futi alihisi masikio yake yanapata moto. Mara mbili kwa siku moja anaambiwa si chake, na jua bado halijafika utosini. Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Sikiliza, kaka yangu. Humo ndani hujaingia, na mimi siwezi kuingia. Sasa nikwambie utakachokikuta. Utamkuta mama. Utamkuta mtoto. Halafu utamkuta shemeji."

"Hii ni ya vipimo au ya ukoo?"

"Ya madirisha. Sisi karakana nzima tunaita hivyo. Fremu ya nje ni mama, ameshika nyumba. Ile inayosukumwa ndani yake ni mtoto, hatulii. Na kile kipande chembamba cha pembeni, watoto wawili wakikutana katikati kinawashikanisha, ndiye shemeji. Yumo ndani ya nyumba, lakini nyumba si yake. Usipowakuta hao watatu, nifukuze."

Fundi kompyuta alicheka kidogo, kisha akaivuta kibodi. Akatengeneza kwanza nakala ya faili, akiba kazi ikiharibika. Akamwonyesha kuwa faili lile, ukilibadilisha herufi za mwisho wa jina, linafunguka kama gunia, na ndani yake mna mafaili mengine madogo. Moja ndilo lililobeba makro. Akalifungua kwa programu inayoonyesha herufi tupu. Mlikuwa na vurugu ya alama zisizosomeka, na katikati ya vurugu hiyo herufi tatu, DPB.

"Kufuli lako linakaa hapa," alisema. Akaibadili herufi ya mwisho, akarudisha faili dogo ndani ya gunia, akalifunga, akalirudishia jina lake, akafungua jedwali.

Kompyuta ikalalamika kwamba kuna kitu haikielewi. Akaikubalia. Ikalalamika tena, akaikubalia tena. Kisha mistari ikashuka kwenye skrini, bila neno lolote la siri kuulizwa, na mstari wa juu kabisa ulianza na mama.

"Mtoto huyu hapa," fundi alisema polepole. "Na shemeji kweli yumo." Akamsogezea kibodi. "Weka neno jipya, hifadhi, ufunge, ufungue tena. Nisamehe, dada."

Lakini Futi aliiacha kibodi kwanza. "Basi ni hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Mtu yeyote angeweza?"

"Mwenye kujua, ndiyo. Kufuli la aina hii ni pazia. Anayekuheshimu hupiga hodi. Asiyekuheshimu anasukuma."

Futi alilitazama lile pazia lililomzuia yeye peke yake, mwenye nyumba, aliyesimama nje akibisha hodi kwa adabu huku akidhalilishwa. Alitamani kucheka, hasira ikakataa.

Aliweka neno jipya, akachomoa flashi yake, akarudi karakana na kukuta wakala ameshafika, anakunywa soda ofisini kwa kaka, kompyuta yake iko magotini. Futi alipita moja kwa moja. Akaketi kwenye meza ya kona, akapima alumini mpya kwa mkono wake, unene, mfereji wa raba, nafasi ya kioo. Akaingia kwenye makro akabadili kipimo cha mtoto, akabadili na cha shemeji. Akabonyeza kitufe.

"Almasi, kata hiki. Kama kilivyo."

Mzee alikata. Wakakibeba kioo pamoja, mmoja huku na mmoja huku, na mafundi wakaacha misumeno. Kioo kiligusa raba, kikasita, kikashuka mahali pake. Almasi alikigonga kwa fundo la kidole. Hakikucheza.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alikitazama kioo, akamtazama dada yake, akakuna shingo.

"Basi vizuri," alisema. "Nitaongea na mgeni. Tuendelee na yako."

"Siyo basi."

"Futi, kazi imepatikana. Unataka nini tena?"

"Yangu. Umesema tuendelee na yangu. Asubuhi ilikuwa ya nani?"

"Nilikuwa na haraka, mdogo wangu. Tutazungumza nyumbani."

"Hukuniambia nyumbani, kaka. Uliniambia hapa, na hawa wote walisikia. Nyumbani tutakula. Haya maneno ni ya hapa."

Hakupaza sauti. Mkono wake ulikuwa bado juu ya fremu. Hakuna fundi aliyetafuta bisibisi safari hii. Kaka aliwatazama mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumsaidia, akamfikia Almasi, naye Almasi akawa anakagua kidole chake.

"Makro ni ya Futi," kaka alisema hatimaye, macho sakafuni. "Ameitunga yeye. Nilikosea kusema vile."

Futi alitikisa kichwa kukubali. Kifuani mwake hakikutulia kitu, lakini alisikia kila neno, na wote walisikia.

"Sawa," alisema, akivuta karatasi ya dirisha linalofuata. "Sasa mwambie na mgeni. Mlango uache wazi."