Matufaha Kando ya Tulipu

Kwap! Mpira wa mlango wa friji ulibanduka gizani, na Hilwa, aliyekuwa bado kitandani akisubiri adhana ya alfajiri, akajua ni nani. Mwanawe Rahaf, wa miaka mitano, kaenda kuvisabahi vitunguu vyake vya tulipu.

Si vitunguu vya kupikia. Hivi ni vya maua, na shangazi yake Hind ndiye aliyemnunulia. Muuzaji aliwaambia baridi ya Dubai haitoshi kuviamsha. Sharti vikae kwenye friji hadi Januari ndipo vipandwe. Akawaonya pia visiwekwe pamoja na matunda, hasa matufaha, maana pumzi ya tunda huliua ua lingali ndani ya kitunguu.

Hilwa aliyasikia hayo yote kwa Rahaf. Jioni yeye huwa darasani anasomea uhasibu, na wifi yake Hind, dada wa mumewe, ndiye anayebaki na mtoto. Akirudi, mtoto keshaoga, keshakula, keshacheka vicheko vyote vya siku.

"Wifi, mwanangu leo kala samaki mzima," Hind humwambia mlangoni.

"Mwanao umemzaa lini?"

"Wewe umenizalia tu. Itazame hiyo pua, si ya kwetu?"

Ni utani wa mawifi, na Hilwa hucheka. Akishafika chumbani, huketi ukingoni mwa kitanda, roho inamchoma.

Siku moja, kabla ya kwenda darasani, akanunua matufaha. Akayapanga kwenye droo ileile ya friji, yakagusana na mfuko wa vitunguu, akaufunga mlango wa friji taratibu kama mwizi. Acha visichanue, alijiambia. Tumwone huyo shangazi.

Jioni ile mwalimu alisema mengi, Hilwa hakushika hata moja. Alichokiona akilini ni Rahaf kachuchumaa mbele ya chungu chenye majani matupu, anangoja. Hakusubiri kipindi kiishe. Alipanda teksi, akapita sebuleni bila salamu, akaanza kuyatoa matufaha.

"Haya! Nani kayaweka hapo?" Hind alikuwa kasimama nyuma yake.

"Mimi."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Hind alimtazama, utani umemwisha mdomoni. Kisha akachukua tufaha moja, akalifuta kwa kanga. "Basi mtavipanda nyie wawili," alisema. "Miye nitakaa nile haya, yasitudhuru tena."

Januari mama na mwana wakaketi roshani, mikono imejaa udongo. Kama pumzi ile ilishaua kitu, Hilwa hakujua. Nyuma ya kioo Hind alikuwa akiwachungulia, na Hilwa, Mungu amsamehe, alifurahi kuchunguliwa. Akachimba shimo chunguni, akakidumbukiza kitunguu cha kwanza.

Rahaf akakichomoa, akakigeuza, akakirudisha shimoni.

"Shangazi alisema ncha ikae juu."