Kanda ya Harusi ya Hellen

"Shemeji, ondoa wasiwasi. Ile kanda naijua hata gizani," alisema Antoni.

"Ungeijua usingempelekea Nurudin."

Antoni ni mdogo wa marehemu mume wangu, Mihayo. Alikodi filamu ya karate, na siku ya kuirudisha akatia kwenye kava kanda ya harusi ya binti yangu Hellen. Sauti ya Mihayo imebaki humo tu, akimuusia mwanawe mbele ya wageni.

Maktaba ya video ya Nurudin iko Nyamagana, nyuma ya soko. Kanda zimepandana mpaka darini, nyingi hazina maandishi. Nikamtupia filamu yake ya karate juu ya kaunta.

"Lete yangu."

"Dakika moja, mama. Mimi zangu nazijua kwa sura."

Akachomoa moja, akaitia kwenye deki. Wahindi wakacheza kwenye mvua. Akachomoa nyingine: mpira. Antoni akamsukuma kando, akachagua yake kwa mbwembwe. Mahubiri.

"Majogoo wawili mnawika," nikasema, "yai hakuna."

Wateja wakacheka.

"Mama, unanifukuzia watu!"

"Wacha wasikie. Kanda isiyo na jina ikirudi hapa, unaifanyaje?"

Nurudin akaangalia viatu vyake. "Zisizo na jina tunarekodia filamu mpya."

Mpiga picha wa harusi alikuwa amekivunja kile kipande kidogo cha plastiki cha pembeni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Mwenye kutaka kurekodi huziba tundu kwa selotepu.

"Basi toa zote zenye selotepu."

"Shemeji, mimi nilishaanza kuihisi, iko upande huu..."

"Antoni, kaa chini."

Tulizijaribu moja moja, kila moja tukiipeleka mbele hadi mwisho. Kwenye mojawapo, filamu ya bunduki iliisha, kioo cha TV kikachafuka, kisha akatokea Mihayo na koti lake la kijivu, kipaza sauti mkononi.

"Basi, mimi nimemaliza," alisema. "Ahsanteni sana."

Wasia wenyewe ulikuwa umefutwa na zile bunduki. Wageni wakapiga makofi. Vigelegele. Keki.

Dukani hakuna aliyecheka tena. Nikaitoa kanda mwenyewe, nikaibandua selotepu kwa kucha, nikaitia kwenye mkoba.

"Mama, humo mna filamu yangu," Nurudin akasema.

"Itafute kwenye hizo zako. Si unazijua kwa sura?"

Antoni akanyoosha mkono anibebee mkoba. Nikaupiga ule mkono.