Neno Alilolimeza Fundi Nyonga

Kwenye uwanja ule wa gofu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanachama walimwita Fundi Nyonga, na wabeba mifuko wenzake, kwa kuwa wale hawana adabu hata ya kuazima, walimwita Makalio. Jina lilitokana na somo lake. Miaka ishirini na miwili alibeba mifuko ya fimbo za watu, na miaka yote hiyo aliona kosa lile lile: mtu mzima, mshahara mnono, anaupiga mpira kwa mikono kama anayefukuza nyuki, huku miguu imesimama tu haina habari.

"Mikono ni abiria," aliwaambia. "Dereva yuko chini."

Kisha huleta kiti kimoja cha plastiki, kibovu, na kukiweka nyuma ya mwanafunzi. Ukipandisha fimbo, kalio la kulia liguse kiti. Ukishusha, kabla mikono haijajua kuna safari, uzito uhamie mguu wa kushoto, nyonga ifunguke, kalio la kushoto nalo liguse kiti. Ukikiacha kiti, umekwisha, mpira utautafuta kwenye miti. Aliwahi kujaribu kulisema kwa heshima, "sehemu ya nyuma", na mwanafunzi akageuka kutazama kuna nini nyuma. Tangu siku hiyo akaliacha neno liitwe jina lake.

Katibu wa klabu alifundishwa hivyo hivyo, kila Jumamosi kwa miaka sita, bila malipo. Kabla ya hapo alikuwa akipiga mpira ukaenda kuwatisha watu wasiohusika. Sasa alikuwa na vikombe viwili kabatini ofisini.

"Nafasi ya ualimu ikitokea ni yako," alikuwa akisema huku akimkabidhi mfuko. "Niachie mimi."

Ikatokea. Mwalimu wa zamani alistaafu, na Fundi Nyonga akaomba kazi kwa haraka ya mtu anayezama. Ualimu ulikuwa na mshahara, lakini zaidi ya mshahara, mwalimu habebi mfuko. Nyonga yake mwenyewe ya kulia ilikuwa imesagika. Daktari alimwambia wazi: mwaka mmoja zaidi wa kubeba, na atatembelea mkongojo.

Walibaki waombaji wawili, yeye na Kijiti, mbeba mifuko ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kila alichokijua. Kamati ikaamua kila mmoja amfundishe mtu ambaye hajawahi kushika fimbo, nusu saa, wao wakitazama. Asubuhi hiyo Fundi Nyonga alivaa suruali iliyonyooshwa mpaka ikakata, akabeba kiti chake mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Wanaume watano wa kamati walikaa kivulini, na katibu akasimama.

"Tumchukue yule dada wa mapokezi," alisema. "Huyo hata fimbo haijui."

Dada wa mapokezi alikuwa mke wa mwanawe.

Klabu ilikuwa na kanuni kwamba ndugu hawaajiriwi pamoja. Miezi minane iliyopita, alipomwambia mkwewe kuna nafasi, alimwonya: humu ndani hunijui, nami sikujui. Mwanawe hakuwa na kazi, na mshahara wa yule binti ndio uliokuwa ukiwalisha yeye, mumewe na mtoto wao. Kila asubuhi walipishana mlangoni wakiitana "dada" na "mzee" kama watu wa baki.

Sasa binti alisimama mbele yake na sketi ya kazi, macho chini. Kiti kilikuwa nyuma yake. Kamati ilikuwa ikingoja lile neno maarufu.

Baba mkwe amwambie mkwewe, mbele ya wanaume watano, asukume makalio nyuma? Na mkono wake, uliozoea kumshika mwanafunzi nyonga na kuizungusha, aupeleke wapi? Angeweza kusema: huyu ni mkwe wangu, nipeni mwingine. Lakini akisema hivyo, binti hamalizi siku pale. Lile neno akalimeza.

"Nyoosha mikono, dada," alisema. "Mikono... ishike vizuri. Zungusha mikono."

Mtu aliyewakataza watu mikono kwa miaka ishirini na miwili! Binti alifyeka hewa mara mbili. Mara ya tatu mpira ulitoka upande ukagonga kiti, na kamati ikacheka.

"Fundi, leo dereva kalala?" mmoja aliuliza.

Akasogeza kiti pembeni, akaendelea na mikono mpaka nusu saa ikaisha. Ilikuwa nusu saa ndefu.

Kijiti hakuwa mkwe wa mtu. "Dada, makalio kwenye kiti!" alipiga kelele tangu mwanzo. "La kulia! Sasa hamia kushoto! Mikono ni abiria!" Mpira wa tano ulipaa, ukanyooka, ukaenda mbali. Binti alipiga kigelegele, halafu akamwona baba mkwe wake na kujiziba mdomo.

Majibu yalitoka kabla ya saa sita. Katibu alimfuata Fundi Nyonga chumba cha mifuko, akamwekea mkono begani.

"Usinune, mzee wangu. Ungekuwa mwalimu, mimi mfuko wangu angebeba nani? Mtu kama wewe nitampata wapi?"

Akacheka. Fundi Nyonga naye akacheka, maana ukizoea kubeba, unabeba hata vicheko vya watu.

Jioni mkwewe alikuja kumwona. Alimkuta kakaa, kitambaa cha maji moto kiunoni. Mama mkwe wa binti akawapisha.

"Baba, mbona hukuomba wakupe mtu mwingine?"

"Ili wakufukuze?"

"Baba, nisamehe. Katibu anajua. Siku ya kujaza fomu aliniuliza nani kanielekeza, nikashindwa kudanganya. Akasema haidhuru, yeye ataifumbia macho kanuni, ila nisikwambie, usije ukaona haya kwake."

"Alijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, baba."

"Na leo yeye ndiye aliyekuchagua."

"Yeye. Nilidhani ni heshima."

Asante ya punda ni mateke, husema watu, lakini punda hapigi hesabu kwanza. Fundi Nyonga alitaka kutukana, akakumbuka aliyekaa mbele yake ni nani, na hilo nalo akalimeza. Alimwambia tu aende nyumbani, mtoto asije akalala na njaa.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa getini, akichechemea, mfuko wa katibu begani. Angeukataa, katibu angeikumbuka kanuni.