Makomeo ya Afande

Afande alipostaafu kulinda wafungwa, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua vyumba sita vya kupangisha, katika mtaa ambao hata mbwa walitembea wawiliwawili. Mkewe alimkumbusha kwamba pesa ile ndiyo uzee wao, hakuna nyingine. Afande akajibu kuwa wezi anawajua, amekaa nao miaka thelathini na miwili.

Vyumba akavipaka rangi, akatia nondo madirishani na milango ya mbao ngumu. Hakutafuta dalali; chema chajiuza. Watu walikuja, wakachungulia, wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao moja kwa moja. Miezi mitano ikapita. Mkewe akaacha kuuliza habari za wapangaji, na kimya hicho kilimuuma Afande kuliko maswali.

"Mtaa umeoza," alijitetea. "Watu wanaogopa wezi."

"Au wanakuogopa wewe," mkewe akasema, akaendelea kukunja nguo.

Mwezi wa sita akaja mama mmoja, fundi cherehani. Yeye hakuchungulia. Aliingia chumba cha kwanza, akaurudisha mlango, Afande akabaki nje. Punde akatoa kichwa.

"Baba, usiku nikilala, nafunga wapi?"

"Hapo hapo." Afande akamwonyesha komeo, jipya, nene, limepakwa mafuta.

"Hilo liko nje."

Afande akalitazama. Akaenda chumba cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Seremala alikuwa amemuuliza makomeo yakae wapi, naye akamjibu yakae pale yanapokaa siku zote. Yote sita yalikuwa nje. Aliona aibu, ile aibu ya mtu mzima ambayo hana pa kuiweka.

Aliazima bisibisi kwa jirani, bila kumuuliza aliipata wapi, akalihamisha komeo la chumba cha kwanza huku jasho likimtiririka. Alipomaliza, yule mama akaingia tena, akajifungia.

Afande akangoja. Kisha akausukuma mlango. Haukwenda.

"Nani?" sauti ikauliza.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kutoka nyuma ya mlango. Alisimama na bisibisi yake, halafu akasema, kwa sauti ndogo, neno ambalo kazini hakuwahi kulihitaji.

"Hodi."

"Subiri kidogo, Baba. Napima pazia."

Afande akasubiri.