Kikapu Hakirudi Kitupu

Januarius alianza kumshuku mkewe siku alipomwona anatokea mlango wa nyuma na kikapu chini ya kitenge. Mtu mwenye safari njema hupita mbele akaagana na watu. Milembe alipita nyuma, akapenya kwenye pamba iliyopandwa hadi ukutani, akashika njia ya kwa Masunga.

Kwa Masunga! Damu ilimchemka.

Tuseme ukweli, Januarius alikuwa na sababu ya kujisikia. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe na wanunuzi binafsi waanze kugombea mzigo huko Bariadi, alikuwa ameng'oa viazi, akaacha mtama, akauza na ng'ombe, shamba lote likawa pamba tupu. Nyumba yake ya bati ilionekana tangu barabara ya mnadani. Ndani mlikuwa na makochi yenye vitambaa, redio kaseti na baiskeli isiyopakia mtu mwingine. Chakula je? Chakula kiko dukani, alisema. Mwenye hela hachimbi viazi.

Masunga, jirani wa ng'ambo ya korongo, hakulima hata shina moja la pamba. Alilala nyumba ya nyasi, akavaa kandambili za matairi, akalima mtama, karanga na viazi, akakamua ng'ombe wake wachache. Wanunuzi walipomfuata hadi kwake na mbegu, aliwapa maziwa mgando wakanywa, akawashukuru, akawasindikiza. "Tulichonacho kinatutosha," aliwaambia.

Neno hilo lilimkera Januarius kuliko tusi. Mtu aliyekosa anaeleweka, Mungu hakumjalia. Lakini mtu anayepewa akakataa? Huyo ana jambo. Kwenye pombe alikwisha kuwafafanulia wenzake kwamba Masunga ana dawa za kichawi zisizopatana na bati, na kwamba umasikini wa kujitakia huambukiza haraka kuliko upele.

Sasa mtoto wa Masunga huyo huyo, Fredrick, alikuwa amemposa Lucy, binti pekee wa Januarius. Lucy alikuwa amekubali, mama yake pia. Jibu la baba lilisubiriwa Jumapili baada ya ibada, na baba alikuwa nalo tayari mdomoni. Simtoi mwanangu akalale chini ya nyasi, atafune michembe, viazi vya kuanika, hadi meno yamwishe.

Ndiyo maana kikapu kilimuuma. Aliona wazi kwamba Milembe anawapelekea unga. Anawashibisha wale masikini kwa jasho lake yeye, ili umasikini wao usionekane Jumapili. Na ushahidi ulikuwa tele. Ugali wa nyumbani ulikuwa umepungua, na rangi yake imekuwa nyekundu kama ya mtama. "Ni kutu ya mashine ya kusaga," Milembe alimjibu bila kuinua macho. Kutu!

Angeweza kuingia jikoni akatazama magunia ya mahindi. Lakini mwanamume anayechungulia akiba ya mkewe, Usukumani huku, ataimbwa kwenye ngoma hadi ajute kuzaliwa. Kazi yake ni kuleta. Yaliyo jikoni ni ya mama. Naye alileta, msimu wa kuuza pamba, mahindi mkokoteni mzima, watu wakiona. Milembe alijaribu siku moja kumweleza habari za magunia hayo, akamkatiza: "Kwenye nyumba ya bati hatutaji njaa." Hakurudia tena.

"Mama yako anakwenda wapi?" alimuuliza Lucy.

"Kusalimia, baba."

"Anasalimia na kikapu?"

Lucy akainama kufagia mahali alipokwisha kufagia. Hata huyu yumo, baba mtu aliwaza.

Ijumaa alasiri alimfuata mkewe. Alipitia korongoni, akajibanza nyuma ya ua wa miti ya manyara wa Masunga. Mzee wa kanisa mzima, amechutama kama mwizi wa kuku! Maneno ya kumtolea Milembe alikuwa ameyapanga yote.

Nyanjige, mke wa Masunga, alitoka nje. "Mwadila, mayu," alimwamkia mgeni wake kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila," aliitikia Milembe, akakiweka kikapu chini. Upepo ukakipiga, kikaanguka, kikabingirika. Hakikuwa na kitu ndani.

Januarius alikodoa macho asielewe. Nyanjige aliingia ndani, akarudi na ungo wa unga wa mtama, akaumimina kikapuni, akapanga michembe juu yake.

"Baba Lucy bado hajui?"

"Akijua atakataa kula, na sisi atatukataza. Mahindi yaliisha zamani, mayu. Iliyobaki ni pamba, na pamba haipikwi."

Sauti ya Masunga ikatoka zizini: "Mwambie asipite barabarani. Watu watamwona, Januarius ataaibika. Yule ni mtu mwenye heshima zake."

Hapo ndipo Januarius alipoumia. Tusi angelijibu, lakini heshima ile alishindwa aifanye nini. Njiani kurudi alijaribu bado kushuku kwamba unga ule una dawa. Alitamani sana uwe na dawa. Lakini alikuwa ameula muda wote huo, na kilichompata ni kushiba tu.

Jioni alikula ugali mwekundu hadi mwisho, akanawa, akauliza kwa upole uliomtisha mkewe: "Kile kikapu ni cha nani?"

Milembe aliacha kukusanya vyombo. "Cha mama Fredrick."

"Na huwa unakirudisha na nini?"

Hilo halihitaji kufundishwa. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Utatia hata yai, hata chumvi kidogo. Ukikirudisha kitupu umekiri kwamba kwako hakuna kitu.

"Kitupu," alisema Milembe, machozi yakimtoka.

Jumapili, baada ya ibada, Januarius aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu aoe. Magunia yalikuwa yamekunjwa vizuri. Alizunguka nyumba nzima na kikapu mkononi. Hela za msimu zilikwisha kugeuka bati na makochi, na redio haiingii kikapuni. Mayai hayakuwepo, maana kuku walikwisha kufa kwa dawa ya pamba. Nje, hadi ukutani, pamba ilikuwa inapendeza.

Alivaa koti lake la kanisani, akapita barabarani kweupe, kikapu kikining'inia, watu wakimwangalia. Kwa Masunga ukoo ulikuwa umeketi kumsubiri. Alikiweka kikapu katikati yao.

"Hiki ni chenu," alisema. "Nimekirudisha kitupu. Kwangu nimetafuta cha kuweka, sikupata. Lucy nawapa, kama bado mnataka binti wa nyumba masikini."

Hakuna aliyecheka. Masunga alimsogezea kigoda. Nyanjige akakiokota kikapu, akaingia nacho ndani, na Januarius akasikia unga unamiminwa. Atarudi nacho kimejaa, kwa barabara ile ile, watu wakimwona.