Aliyerudishwa Mapema

Gitega mtu huingia hospitali kama aendaye sokoni: leo anapasuliwa, kesho yuko kibarazani analalamika kuwa uji hauna sukari. Butihinda, kule Muyinga, mambo ni mengine. Mgonjwa hupelekwa kwa machela akiwa hoi, ukoo mzima nyuma yake na masufuria, na hukaa huko hadi watu wamzoee. Anayerudishwa upesi ni yule ambaye madaktari wamemkatia tamaa, akafie kwake.

Vumilia, fundi cherehani wa Gitega, alikuwa amelisahau hilo. Ndiye aliyemleta baba yake, mzee Kasiano, apasuliwe ngiri iliyomtesa shambani miaka nenda rudi. Kesho yake muuguzi akaja anacheka. "Mzee iko muzuri sana! Leo anarudi kwake. Kidonda kikiuma, ao akipata homa, mumulete mbio."

Kasiano akashukuru kwa adabu, akapanda gari kurudi Butihinda.

Alipofika aliwaita majirani akawaomba radhi, kisha akamwonyesha mkewe Anisia mahali pa kumzika, kando ya migomba. Vumilia alipopigiwa simu alicheka kwanza, halafu akashtuka, akapanda gari. Alimkuta mzee anawaka homa, kidonda kimevimba.

"Baba, ulishapona! Ni kidonda tu, twende wakakisafishe."

Kasiano akampapasa mkono. "Mwanangu, hata mimi nilimwambia marehemu kaka yangu hivyo hivyo. Mgonjwa wa kufa haambiwi."

Kila Vumilia alivyoapa ndivyo mzee alivyozidi kumhurumia, maana mtoto mwema ndivyo anavyodanganya. Alilia, akagomba, akapiga magoti. Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Hili lilikuwa sikio la kupona, na hapo ndipo panapouma.

Mzee alipopoteza fahamu ndipo walipombeba kwa machela. Alikata roho kabla hawajafika kituo cha afya.

Kwenye matanga, jirani yao Egidius akamshika Vumilia bega. "Jipe moyo, binti. Gitega kuna madaktari kweli kweli. Walimtazama siku moja tu, wakajua."

Vumilia akafungua kinywa awaeleze wote. Akamwona mama yake anaitikia kwa kichwa, ametulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

"Ndiyo," akasema. "Walijua."