Vidoa Vyekundu kwenye Banda la Esnath

Marita alipofika Ibighi, kwenye ujenzi wa bweni, kama afisa usalama mpya, aliuliza kwanza nani ameumia karibuni.

"Hakuna," akajibu Zebedayo, msimamizi wa mafundi, jamaa mnene mwenye sauti nzito ya kwaya. "Hapa kwetu salama kabisa, dada."

Nyuma yake fundi mmoja alipita akichechemea. Mwingine alikuwa amefunga kiwiko kwa kipande cha kanga. Marita akaelewa: kila mtu aliogopa kwamba akisema ameumia, kesho atakuta nafasi yake ina mtu mwingine.

Hakubishana. Alichukua ramani kubwa ya jengo, akaibandika kwenye banda la Esnath, mama ntilie wao, na kuning'iniza kalamu nyekundu. "Ukiumia, weka kidoa mahali ulipoumia. Jina lako silitaki," akawaambia. Siku zikapita, na ramani haikupata hata kidoa kimoja.

Asubuhi moja baada ya mvua, Zebedayo alikuwa akishuka kwenye njia ya mbao kutoka ghorofani huku akiwafokea walio chini. Mguu ukateleza. Akaserereka mpaka mwisho wa mbao na kukaa chubwi! katikati ya zege bichi.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Marita alikuja mbio. "Umeumia, kaka?"

"Kiuno." Zebedayo aliwatazama watu wake, mashavu yote yamevimba kwa kicheko kilichozuiwa. "Haya chekeni, msije mkapasuka bure!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo. Naye akaenda bandani huku zege likimdondoka, akaweka kidoa kikubwa kama kifungo cha koti.

"Na hiki ni cha juzi," akasema, akaweka kingine. "Sikuwaambia."

Basi kalamu ikaanza kugombewa. Aliyechechemea akaweka chake, wa kiwiko akaweka chake. Tulinagwe, mbeba maji, akaweka viwili na kuwasimulia alivyoanguka na ndoo kichwani. Walipomaliza, njia ile ya mbao kwenye ramani ilikuwa nyekundu tupu.

"Mlianguka saa ngapi?" Marita akauliza.

"Saa nne," akasema Tulinagwe.

"Hata mimi," akadakia wa kiwiko. "Saa ya chai."

Macho yote yakamgeukia Esnath.

"Mnanitazamia nini?"

"Mama, mbalaga yako," akasema Tulinagwe. "Ndizi zinaisha mapema. Walioko juu wasipokimbia wanakuta chai peke yake."

Esnath aliachia mwiko. "Kumbe ndizi zangu ndizo zinawavunja viuno! Si mngesema? Sufuria kubwa ninayo, naitoa kwenye misiba tu."

Jioni hiyohiyo seremala akapigilia vipande vya mbao vya kukanyagia kwenye njia ile, na kamba ya kushika pembeni. Kesho yake sufuria kubwa ikaja, na watu wakashuka taratibu. Vidoa vipya vilikuwa vichache, tena vya kucha na misumari.

Bweni lilipoezekwa, mafundi wakahamia Kyimo kujenga ghala. Marita alipowatembelea, alimkuta Zebedayo amemshika mkono fundi mgeni, wakielekea kwenye ramani iliyobandikwa mlangoni.

"Ni mkwaruzo tu, mzee," fundi akajitetea.

"Mkwaruzo nao una mahali pake," akasema Zebedayo. "Nionyeshe."